Phenom II X4 ya mwaka 2009 ilitaka kuuzwa kwa kilo, sasa inasomesha watoto Makorora

Makorora_Juu (mleta uzi), Jumamosi usiku

Wakuu habari za usiku, na wakubwa wote shikamooni.

Niko Tanga mjini, Makorora. Nimekuwa msomaji wa nyuzi za kompyuta kwa muda mrefu, na kila mtu akiuliza kuhusu prosesa za zamani za AMD (prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta) anajibiwa neno moja: tupa. Leo naleta yangu kwa urefu, maana kwetu hapa vitu hivyo vikishatupwa vinaishia kwenye mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu, na vingine bado vina kazi.

Mashine ni HP Compaq 6005 Pro. Niliipata kwa mama mmoja aliyekuwa anafunga steshenari yake Ngamiani. Alishawapelekea mafundi wawili wamtafutie mteja. Wa kwanza alifungua kava, akasoma AMD, akalirudisha. Wa pili alisema atachukua pawa saplai na kasha, vingine vikapimwe na vyuma. Mimi nilimpa elfu thelathini na nikambebea meza yake mpaka kwa mwanawe Mabawa.

Prosesa ni Phenom II X4 B95. Herufi B ilikuwa ya mashine za maofisini, lakini kwa ndani ni ndugu wa damu wa Phenom II X4 945 iliyokuwa inauzwa madukani. Viini 4 vya kweli, GHz 3.0, kashe ya L3 (kumbukumbu ya ndani) MB 6, wati 95 kwenye karatasi, soketi (tundu la prosesa) AM3. Ilitoka 2009, wakati mpinzani wake wa karibu kwa bei alikuwa Core 2 Quad ya Intel, na hapo ilijitetea vizuri. Kilichoizamisha ni Sandy Bridge, kizazi kipya cha Intel, mwanzoni mwa 2011. i5-2400 ya kizazi hicho nayo ina viini 4 na wati 95 hizo hizo, lakini kila kiini kinafanya kazi zaidi na mashine nzima inapumzika kwa umeme mdogo. Toka hapo Phenom II haikuulizwa tena.

Sasa kazi niliyoipa. Karibu na nyumbani kuna chumba cha tuisheni, kidato cha kwanza hadi cha nne, mwenyewe ni mjomba wangu. Watoto karibu wote wanakuja na simu, ya mama au ya kaka, ila bando hawana. Mjomba akitaka watazame jinsi moyo unavyosukuma damu, anawasha bando lake, simu moja inashikwa na tisa wanachungulia begani.

Nikaweka Debian 12, aina ya Linux (mfumo wa bure badala ya Windows), bila sura ya madirisha, maandishi matupu. Juu yake Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila intaneti, inayobeba Wikipedia ya Kiswahili nzima (inaingia kwenye flashi ndogo bila shida), kamusi, na majaribio ya sayansi ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Halafu Kolibri, yenye masomo ya video na mazoezi ya Khan Academy. Vyote hivi ni bure na vimetengenezwa makusudi kwa sehemu zisizo na intaneti. Nilivipakua kwa rafiki yangu mwenye intaneti ya ofisini, kwa siku nne za usiku, nikavileta kwenye hadi diski ya nje. Rauta ya kawaida ikaunganishwa kwa kebo na mashine, na anwani 192.168.1.10 ikaandikwa ubaoni kwa chaki. Mtoto anaingia kwenye waifai, anaandika hiyo namba, anasoma. Shilingi ya bando haitoki.

Hapa ndipo nataka tuelewane. Mtoto akifungua jaribio la PhET la sakiti ya umeme, anayepiga hesabu ni simu yake. Seva, yaani hii HP, kazi yake ni kumkabidhi faili, basi. Video pia ni hivyo hivyo: MP4 inatoka kwenye diski, inapita kwenye kebo, inachezwa na simu. Siku niliyohesabu simu 14 zimeungana, prosesa ilikuwa inatumika asilimia 6 mpaka 9. Tunaiita prosesa mbovu kwa sababu tunaipima kwa kazi ya kufungua kurasa nzito na michezo. Hii kazi haina hayo.

Ramu ni GB 8 za DDR3. Hiyo nayo inasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa Linux inatumia ramu isiyo na kazi kukumbuka faili zilizosomwa karibuni. Mtoto wa kwanza akifungua video ya usanisinuru inatoka kwenye diski. Wa pili mpaka wa kumi wanaipata kutoka ramu, diski yenyewe imetulia.

Karibuni mnikosoe, na mwenye mashine kama hii kabatini aseme ana nini.

Mzigo_Mpya, Jumamosi usiku

Mkuu hongera kwa moyo, ila mimi nauza kompyuta na lazima niseme. Hiyo ni wati 95. Iulize tu mita ya LUKU, utaniambia. Kwa laki mbili unapata mashine ndogo ya i5-4570, kizazi cha nne, inaimeza hiyo Phenom kwa kila kitu. Watu wakisoma uzi wako watajaza nyumba mitambo ya kula umeme wakidhani wameokoa pesa.

Makorora_Juu

Ahsante mkuu, hoja yako ni ya maana na ndiyo iliyonikosesha usingizi kabla sijaanza. Ngoja niweke hesabu yote mezani.

Kwanza hizo wati 95 ni kiasi cha joto ambacho kipoozi kinatakiwa kukimudu prosesa ikibanwa. Haina maana kila saa inakunywa 95. Kuna kitu AMD walikiita Cool'n'Quiet, kazi ikipungua prosesa inashuka mpaka MHz 800. Niliazima kipimo cha kuchomeka ukutani kwa fundi wa friji. Mashine nzima bila monita: wati 62 hadi 65 ikiwa inapumzika au inagawa faili, na 128 nilipoilazimisha viini vyote vinne. Katika kazi hii ya tuisheni haijawahi kufika mia.

Chumba kinafunguliwa saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, siku 26 kwa mwezi. Wati 65 kwa saa 4 ni uniti 0.26 kwa siku, yaani uniti 6.76 kwa mwezi. Mimi LUKU ya elfu kumi inanipa uniti 28, ukiacha mara wanapokata kodi ya jengo. Kwa hiyo uniti moja ni kama shilingi 357, na mashine inakula kama 2,400 kwa mwezi.

Chukua sasa i5-4570 yako, tuseme inapumzika kwa wati 30. Kwa saa zile zile itakula kama 1,100. Naokoa 1,300 kwa mwezi. Ili laki mbili irudi kwa kuokoa 1,300, ni miezi 153, karibu miaka 13.

Hapo ningekuwa na laki mbili. Sina, na mjomba hana.

Mzigo_Mpya

Hesabu nimeifuata, nakubali kwa saa nne. Ila sema wazi kwamba mtu akiiacha inawaka usiku na mchana mambo yanabadilika.

Makorora_Juu

Yanabadilika kabisa, na nakushukuru kwa kulitaja. Wati 65 saa 24 kwa siku 30 ni uniti 46.8, kama 16,700. Ile i5 ingekula kama 7,700. Tofauti ni 9,000 kwa mwezi, laki mbili inarudi kwa miezi kama 22. Kwa kazi ya saa 24 nunua ya kwako, mimi mwenyewe ningenunua.

Kwa sababu hiyo sikumwachia mtu kazi ya kukumbuka kuizima. Saa kumi na mbili na robo inajizima yenyewe, na kuna amri inaitwa rtcwake inayoiambia iamke kesho yake saa nane kasorobo.

Fundi_Barabara_ya_Nane

Natia neno kama fundi. Mleta uzi amesahau kitu kitakachowaharibia wengi.

Hizi AM3 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, si kwenye madabodi kama Intel za LGA. Na soketi yake inaishika prosesa kwa kuzibana pini tu, hakuna fremu ya chuma inayoikandamiza juu. Ile pesti ya kupitisha joto ikikaa miaka kumi na kitu inakuwa gundi. Ukishika hitisinki (chuma cha kupoozea prosesa) ukavuta juu, inatoka na prosesa yake, kiwiko cha soketi kikiwa bado kimefungwa. Pini zinapinda papo hapo. Nimeifanya mwenyewe kwa mashine ya mteja na nikailipa.

Njia ni hii. Washa mashine kwanza, iache ifanye kazi dakika kumi pesti ilainike. Zima, chomoa waya. Fungua vibanio, kisha zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia kama unafungua kifuniko cha chupa ya asali iliyoganda. Usivute mpaka uhisi imeachia. Ukishatoa, futa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisicho na nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya dengu.

Pini ikishapinda usikate tamaa. Chukua penseli ya kubonyeza, toa risasi yake, ile ncha ya bomba inaingia kwenye pini moja moja na unainyoosha polepole. Ikikatika ndiyo basi, lakini zilizopinda kidogo zinarudi.

Na hapa kwetu Tanga lazima niseme kuhusu chumvi. Mashine iliyokaa Raskazone au Sahare, dirisha wazi, ukifungua unakuta kutu kwenye skrubu na utando kwenye meno ya ramu. Mteja anasema imekufa, kumbe ramu haigusi. Toa ramu, sugua meno yake kwa ufutio wa penseli, ule mweupe laini, pangusa, rudisha. Nusu ya mashine "zilizokufa" zinazonijia kutoka huko ufukweni zinaamka kwa ufutio.

Makorora_Juu

Shikamoo fundi. Hilo la kuzungusha sikulijua. Nilivuta moja kwa moja na ikatoka salama, leo ndiyo naelewa nilikuwa karibu na hasara gani. Nimeongeza maelezo yako kwenye daftari langu.

Niulize kuhusu joto. Januari mpaka Machi chumba kile ni nyuzi 32 na feni ya dari haitoshi. Phenom ilikuwa inafika 58.

Fundi_Barabara_ya_Nane

Marahaba. 58 ikibanwa ni salama ila usizoee kuona zaidi. Phenom II haikuumbwa kuvumilia kama Intel. Intel nyingi zinafika karibu nyuzi 100 kabla ya kujipunguza, wakati hizi kikomo chake kiko sitini na kitu mpaka sabini na kitu, inategemea toleo. Toa vumbi, badilisha pesti, na mashine iinue kutoka sakafuni kwa matofali mawili. Vumbi la barabarani linalala chini, na siku mvua ikizidi maji nayo yanapita chini.

Mwl_Usagara

Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimesoma mara mbili na nina maswali ya kweli, nataka kupeleka wazo hili shuleni.

Moja, watoto wetu wanasoma sekondari kwa Kiingereza. Wikipedia ya Kiswahili itawasaidia nini kwenye mtihani? Mbili, shule ina madarasa ya watoto 50 na zaidi, hii mashine itabeba? Tatu, ni nani ataiangalia siku wewe haupo?

Makorora_Juu

Shikamoo mwalimu. Naanza na la kwanza kwa sababu nimeliona kwa macho.

Mtoto wa kidato cha pili alikuwa anakariri "osmosis" kama jina la mtu. Alipofungua makala ya Kiswahili akasoma maji yanavyopita kwenye utando kwenda penye chumvi nyingi, akasema ndiyo maana nyama ikitiwa chumvi inatoa maji. Baada ya hapo akarudi kwenye daftari lake la Kiingereza akaliandika vizuri. Kiswahili kinamfikisha kwenye maana, jina la Kiingereza analipachika baadaye. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003, na ina makala fupi nyingi, nyingine ni mistari mitatu tu, sitakuficha. Lakini za mwili wa binadamu, mimea, nchi na historia zipo za kutosha. Wikipedia ya Kiingereza nayo ipo kwenye Kiwix, pamoja na picha zake ni kama GB 100. Kwa diski ya GB 500 inakaa vizuri.

PhET kwako mwalimu wa fizikia ni zawadi. Majaribio mengi yametafsiriwa Kiswahili: sakiti, mwendo wa bembea, mawimbi, gesi. Mtoto anaongeza betri kwenye sakiti, anaona taa inawaka zaidi. Shule isiyo na maabara kamili inapata pa kuanzia.

La pili, watoto 50. Prosesa itabeba. Kitakachokwama ni waifai, na hapo mimi nimepigana wiki tatu nzima.

Rauta ya nyumbani ya bei ndogo inaanza kusuasua ikifika simu kumi na tano, ishirini. Zaidi ya hapo, mawimbi ya waifai yanagawana muda. Simu moja ya zamani iliyokaa kona ya mbali inapokea polepole, na wakati inapokea wengine wote wanasubiri zamu. Mimi nilikuwa nalaumu prosesa, nikabadilisha hata diski nikaweka SSD, diski ya kasi. Haikusaidia chochote, nikawa nimetumia pesa ya bure. Kilichosaidia ni kuitoa rauta kwenye kona nyuma ya kabati na kuitundika katikati ya ukuta, juu ya vichwa. Halafu nikaongeza rauta ya pili ya mtumba, moja kwenye chaneli 1 na nyingine chaneli 11, kwa sababu chaneli zilizo jirani kwenye GHz 2.4 zinaingiliana. Kwa watoto 50 weka tatu: 1, 6 na 11, zote zikiungana na seva kwa kebo.

Jambo jingine litakalokusumbua: simu za Android zikiona waifai haina intaneti zinaikimbia zenyewe na kurudi kwenye data. Mtoto anadhani yuko kwenye seva, kumbe bando la mama linaisha. Wafundishe siku ya kwanza wazime data, na simu ikiuliza kama ibaki kwenye mtandao usio na intaneti, wakubali. Tulipata malalamiko ya wazazi wawili kabla sijaligundua hili, na walikuwa na haki.

La tatu nimemfundisha binti wa kidato cha tatu. Anajua kuwasha, kuzima, kuangalia taa za rauta, na kuongeza mada mpya za Kolibri kutoka kwenye diski. Ananishinda kwa kulitunza daftari.

Mwl_Usagara

Marahaba kijana wangu. Umenijibu. Nitaanza na darasa moja. Shuleni kuna mashine tatu stoo ambazo zimeandikwa "mbovu", Jumatatu naenda kufungua kava nione zimeandikwa nini ndani.

Dada_Chumbageni

Jamani na mimi ninayo Phenom II, X4 955, aliniachia kaka yangu. Nataka kuiwekea Windows 11 nifanyie kazi za kuhariri video za harusi. Nimesoma hapa nimepata moyo. Niongeze ramu tu?

Makorora_Juu

Dada yangu, usitumie hela hapo, nakuomba.

Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine) na, kwa upande wa Intel, kuanzia kizazi cha nane. Watu walikuwa wanazunguka hayo masharti, lakini kuanzia toleo la 24H2 mfumo wenyewe unahitaji maagizo ya SSE4.2 ndani ya prosesa (amri ambazo prosesa inatoka nazo kiwandani), na Phenom II haina. Haizungukiki, haitawaka. Windows 10 nayo usaidizi wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Video ni mbaya zaidi. Maagizo ya AVX haina, haina hata ya SSE4.1, na programu nyingi mpya za kuhariri zinagoma kufunguka. Hata ikifunguka, harusi ya saa tatu itakufia mikononi, mteja anasubiri. Kazi yako wewe ni ya kubana prosesa muda wote, na hapo ushauri wa Mzigo_Mpya ndiyo sahihi. Tena kwa video usiishie kizazi cha nne. Kuanzia kizazi cha sita, zile za 2015, chip ya picha ya Intel inafungua video za HEVC (namna mpya ya kubana video) yenyewe, na simu nyingi siku hizi zinarekodi hizo.

Hiyo 955 yako iweke Linux ya kawaida, iwe mashine ya kuhifadhia. Video za wateja zikae diski mbili, unaiwasha mara moja kwa wiki kunakili, unazima.

Dada_Chumbageni

Nimeelewa kaka, ahsante kwa kusema kweli. Nilishapoteza kazi za mteja mmoja mwaka jana diski ilipokufa. Hilo la kuhifadhi nalifanya wiki hii.

Mpemba_wa_Muheza

Mkuu mimi nina duka Muheza, nataka kurekodi kamera nne. Ninayo Athlon II X4 640. Inafaa?

Makorora_Juu

Kwa uwezo inafaa, kurekodi tu bila kuchambua picha si kazi nzito. Kwa umeme haifai, maana kamera ni saa 24. Rudi kwenye ile hesabu ya 16,700. Kile kidude cha kurekodia kinachouzwa pamoja na kamera kinakula wati chache. Nunua hicho, Athlon mpe mwanao ajifunzie.

Mwanafunzi_Dar

Kaka kwa nini usingetumia Raspberry Pi? Wati 5, haina feni, kompyuta ndogo inakaa mfukoni. Miradi mingi ya Kolibri na Kiwix inatumia hiyo.

Makorora_Juu

Ni kitu kizuri na ningepewa ningekipokea kwa mikono miwili. Kwa saa zetu nne ingekula kama shilingi 185 kwa mwezi. Tofauti na Phenom ni kama 2,200. Nilipoulizia bei yake pamoja na kasha, chaja yake na kadi nzuri ya kumbukumbu, nikaambiwa inakaribia laki tatu na iagizwe Dar. Hiyo ni zaidi ya miaka 11 ya tofauti ya umeme.

Kuna na jambo la ufundi. Siku hii HP ikifa pawa saplai, Fundi wa Barabara ya Nane ataitengeneza hapa hapa na vifaa vya mashine nyingine. Diski za kawaida zinaingia, ramu za kawaida zinaingia. Pi ikiungua, naagiza nyingine. Na kadi za kumbukumbu zinachoka umeme ukikatika katika, na Tanga mnajua umeme wetu.

Kwa mwenye sola ndogo na betri, kijijini kusikofika nguzo, hesabu yangu yote inageuka. Huko Pi ndiyo chaguo, usimpelekee mtu Phenom.

Mwanafunzi_Dar

Hapo kwenye sola ndipo nilipokuwa natoka mimi, Handeni kwetu tuko hivyo. Nimekupata.

Makorora_Juu, wiki tisa baadaye

Wakuu nimerudi na taarifa, maana nataka kusema na mabaya.

Wiki ya tano umeme ulikatika siku mbili. Uliporudi seva ikawaka, lakini Kolibri ikasema masomo ya watoto yamefanyika miaka ya nyuma, na nilipojaribu kuongeza programu Debian ikakataa, inasema faili za hazina bado hazijafika tarehe yake. Nilihangaika jioni nzima nikidhani diski imeharibika. Kumbe betri ndogo ya saa kwenye madabodi, CR2032, imekufa, na kila umeme ukikatika mashine inasahau tarehe. Intaneti haipo, kwa hiyo haina pa kuuliza saa. Betri nimenunua kwa mtengeneza saa pale Ngamiani kwa elfu moja. Mashine yoyote ya umri huu, badilisheni hiyo betri siku ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Na umeme ukikatika, rtcwake haiamshi kitu bila hiyo betri kuwa nzima.

Pia kwenye BIOS (mipangilio ya madabodi) nimeiambia umeme ukirudi iwake yenyewe, na nimepata UPS ya mtumba ambayo betri yake inashika dakika nne. Dakika nne zinatosha binti yetu kuizima kwa utaratibu.

Kwa wanaopenda Linux za maofisini: msijaribu AlmaLinux 9 au Rocky 9 kwenye prosesa hizi. Zinataka kiwango cha maagizo ambacho Phenom haikifikii, kwa sababu ile ile niliyomwambia dada. Nilipoteza Jumapili nzima. Debian inazipokea bado.

Watoto sasa ni 31 kwenye orodha. Kinachofunguliwa kuliko vyote ni mazoezi ya hisabati ya Kolibri, kwa sababu yanasahihisha hapo hapo na mtoto hamwonei aibu mtu akikosea. Mjomba anaona nani amekwama kwenye hesabu za sehemu (fractions) na nani amekwama kwenye aljebra, anaanzia hapo kesho yake. Zamani alikuwa anajua siku ya mtihani.

Mwl_Usagara

Nami nilete langu. Kati ya zile tatu za stoo, moja ni Core 2 Duo, moja madabodi imeliwa na kutu, na moja ni 6005 kama yako. Ilikuwa haiwaki. Nilitoa ramu nikasugua kwa ufutio kama alivyosema fundi, ikawaka mara ya kwanza. Nilikaa nimeitazama. Ilikuwa imeandikwa "mbovu" tangu nahamia shule hii.

Kijana_Pongwe

Wakubwa shikamooni. Mimi niko Pongwe, namaliza kidato cha nne mwaka huu. Nina Athlon II X2 250, viini viwili, ramu GB 2. Tuna kikundi cha kujisomea wanane. Je, ni ndogo sana?

Makorora_Juu

Marahaba mdogo wangu. Viini viwili kwa watu wanane vinatosha, na yako ni wati 65 kwenye karatasi, afadhali kuliko yangu. GB 2 itabanwa kwa Kolibri. Anza na Kiwix peke yake, yenyewe ni nyepesi mno, itafanya kazi hivyo ilivyo. Je, ramu yako ni DDR2 au DDR3? Soma kwenye kibandiko.

Kijana_Pongwe

DDR3 kaka. Nafasi mbili, moja iko wazi.

Makorora_Juu

Basi njoo nayo Jumamosi asubuhi hapa Makorora, nina kipande cha GB 4 kimebaki nilipopanga ramu zangu. Njoo na hadi diski yenye nafasi ya GB 200 nikunakilie kila kitu usihangaike na bando. Nunua CR2032 njiani. Na hitisinki usiiguse kabisa mpaka ufike, tutaipasha moto kwanza.

Fundi_Barabara_ya_Nane

Jumamosi nitapita na mimi na pesti. Msianze kabla sijafika.